Hiyo kadi hukuandikiwa wewe

Siku ya tano leo maneno ya mama hayajanitoka. Na wala hakuyasema kwa hasira, alikuwa ananirudishia tu mkononi ile postikadi ya zamani ya Uingereza iliyodondoka kwenye kitabu. "Hiyo kadi hukuandikiwa wewe."

Mimi nilimwendea mbio na furaha zangu. Stempu ya kijani, nusu peni, sura ya Mfalme Edward VII, kwa hiyo ni 1902 mpaka 1910 hivi, halafu ujumbe na anwani viko upande mmoja, kitu ambacho Uingereza waliruhusu 1902, kabla ya hapo upande ule ulikuwa wa anwani peke yake na maneno unayabana pembeni ya picha. Anwani nikaitafuta kwenye sensa ya 1911, nikampata aliyeandikiwa! Binti mshonaji nguo, na fomu kaijaza baba yake kwa mwandiko wake mwenyewe. Sensa ya 1921 nyumba ile wanakaa watu wengine kabisa. Kaenda wapi? Kaolewa akabadili jina? Na huyo "E" aliyemwandikia "usinijibu mpaka nikuandikie tena" ni nani?

Mama akasema, kwani huyo E alitaka ajulikane? Nikamwambia mama, hao wote wameshakufa. Akasema, "Ndo maana hawawezi kukukataza."

Nikanyamaza. Wiki hii dada kajifungua salama na mimi nimehamishwa idara, lakini kichwani ni hayo tu, naosha vyombo nayasikia, natunga jibu, silipendi, natunga jingine.

Jana usiku nikaitoa tena kadi nikaisoma polepole. Haina bahasha, mtu wa posta anaisoma, baba wa binti anaisoma, na E alijua hilo. Ndo maana kaweka herufi moja. Alichokiacha wazi alikiacha mwenyewe, na alichokificha kimepita miaka zaidi ya mia kikiwa bado kimefichwa, hapo moyo wangu ukatulia, nikafurahi hata, kwa ajili yao. Jina la binti silitaji humu. Ila kutafuta siachi, mama nisamehe, nataka tu kujua kama kadi ya pili ilikuja.

Kaka hajapokea simu tangu Jumatatu. Meseji zote zina tiki moja.