Daftari la vitenzi vya kuimarisha: wiki ya nne

Wiki ya nne hii, na daftari langu la vitenzi vya Kiingereza vya kuimarisha, pamoja na Kiswahili chake, lina maneno saba tu. Nilipoanza nilitaraji hamsini.

Chanzo ni maelezo ya ukarabati wa nyumba moja ya Mji Mkongwe, niliyomfasiria ami yangu, mwashi. Kila nilipokutana na strengthen, reinforce, consolidate au shore up, niliandika "imarisha". Ami akasoma, akaniuliza: "Mwanangu, ukuta huu niuimarishe kwa nondo, kwa magogo au kwa chokaa?" Sikuwa na jibu. Aliyeandika alisema mambo manne, mimi nikamfikishia mzee moja.

Strengthen nimeiachia imarisha, maana yenyewe haisemi nguvu imetoka wapi. Reinforce inasema: kuna kilichoongezwa. Zamani walikuwa askari waliopelekwa kuwasaidia wenzao, leo ni nondo ndani ya zege. Fortify inataka pawe na adui, ndiyo maana inaikaa vizuri Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Unga uliotiwa madini na vitamini nao huambiwa fortified. Adui hapo ni upungufu wa damu.

Consolidate imenila siku nne. Kwa watu wa majengo ya kale, maana yake ni kukishikisha kile kile kilichopo kisiendelee kumomonyoka, mathalani kupenyeza uji wa chokaa nyuma ya lipu iliyoachana na ukuta. Nimeandika "shikamanisha". Ami alipoisikia aliweka kikombe chini akanieleza jambo ambalo kamusi zangu hazina: ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukiupiga saruji, maji yananasa ndani; nje unaugonga mgumu, ndani unakwisha. Basi harden nimeihamishia ukurasa wake peke yake, mbali na strengthen.

Furaha ya wiki ni shore up. Nilikuwa nimeandika "tegemeza", lakini haikuwa na hofu ya kuanguka iliyomo katika Kiingereza. Ami akasema: "Si gadi hiyo?" Kweli! Chombo kikipwelewa hutiwa gadi kisilale ubavu, na shore ya Waingereza nayo ni mti wa kuegemezea ukuta au chombo. Gadi si tiba, hushikilia mpaka tiba ifike. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka Disemba 2020, neno hili silichukulii kwa wepesi.

Bolster ilikuwa rahisi, asili yake ni mto mrefu wa kulalia. Nimeandika "wekea takia", kwa kumtia mtu moyo au kuipa hoja mahali pa kuegemea. Kwa ukuta siitumii.

Yale maelezo nimeyafasiri upya na ami ameyachukua kazini. Imebaki brace, ambayo asili yake ni mikono miwili. "Kumbatia" ina mapenzi mno kwa mbao za paa. Jumamosi napanda naye juu, nisikilize mafundi wenyewe wanasemaje.