Kwa nini stesheni za London hazina mapipa ya taka

Wiki yangu ya kwanza London nilizunguka stesheni nzima ya Victoria na ganda la ndizi mkononi natafuta pipa la taka, hola, mpaka nikaona aibu nikalitia mfukoni mwa koti, na lenyewe koti la kuazima. Nikasema hawa Wazungu ni wabahili kiasi hiki?

Miezi baadaye ndo mzee mmoja Mwairishi tunayefanya naye usafi shifti ya usiku akanipa habari yenyewe. Tarehe 18 Februari 1991, Jumatatu asubuhi watu wanawahi kazini, IRA walitega bomu ndani ya pipa la taka hapohapo Victoria. IRA ndo wale waliokuwa wanataka Ireland ya Kaskazini itoke kwa Uingereza iungane na Ireland. Walipiga simu wakasema stesheni kubwa zote zitalipuka ndani ya dakika 45, sasa hebu jiweke wewe ndo polisi, stesheni zote, muda kama ule, na simu za uongo za aina hiyo zilikuwa hazikatiki. Watu hawakutolewa. Saa 1:46 likalipuka, mmoja akafa, 38 wakaumia, halafu IRA wakawatupia lawama wakubwa wa usalama eti mlionywa. Hapo ndo napandwa na hasira, yaani unaficha bomu kwenye takataka halafu kosa ni la aliyechelewa kuwakimbiza watu!

Mapipa yakaondolewa. Siku hizi stesheni nyingine zinatundika mifuko ya plastiki inayoonyesha ndani, unaiona chupa, unaliona gazeti la jana.

Tarehe ileile ya 18 Februari, mwaka 1996, kijana wa IRA wa miaka 21 alikuwa ndani ya basi namba 171 pale Aldwych, katikati ya London, amebeba bomu, likamlipukia mwenyewe akafa na wengine wakaumia. Mzee anasema baada ya hiyo alikuwa akipanda basi hafungui mdomo, anaonyesha tiketi kimyakimya, maana akisema neno moja tu lafudhi inamuumbua na macho yote yanahamia kwenye begi lake la vifaa, na yeye kilichomleta huku ni kubeba zege.

Nikamuuliza, ulikuwa unawachukia? Akacheka kidogo, akasema alichochoka nacho ni simu za mama yake, kila likilipuka anapiga kuuliza leo umepanda basi gani.

Sikumwambia ila namwelewa sana. Mimi na begi langu hili jeusi nikikaa kwenye treni kuna watu wanahama siti, tena kistaarabu, kama vile wamekumbuka kitu mbele huko. Ndani kuna viatu vya kazi na wali wa jana. Siku hizi nalipakata, zipu naiacha wazi kidogo, viatu vionekane.