Daftari la stoo lilivyotuvusha kwenye ushuru wa kaboni

Juni 2024 mteja wetu wa Uholanzi aliniandikia akitaka kujua viungio vya alumini tunavyomuuzia vinatoa hewa ya ukaa kiasi gani kwa kila tani. Umoja wa Ulaya ulikuwa unadai ripoti hizo tangu Oktoba 2023, kujiandaa kwa ushuru wa kaboni, yaani tozo kwa bidhaa zinazoingia kwake kulingana na hewa ya ukaa iliyotoka zikitengenezwa, na ruhusa ya kujazia makadirio ilikuwa inaisha Julai. Tukikosa takwimu, atanunua kwingine.

Karakana yetu iko Eneo la Viwanda, Nairobi. Tunayeyusha alumini chakavu kwa tanuru la dizeli. Mshauri tuliyempigia simu alitaja bei iliyozidi faida yetu ya miezi mitatu, nami nikashuka stoo.

Mzee wa stoo alinisikiliza, akavuta daftari chini ya meza, kurasa zimegandana kwa mafuta. Kila asubuhi huchovya fimbo yenye alama kwenye tangi, kisha huandika dizeli iliyobaki. "Mwanangu, naandika nisije nikaitwa mwizi," aliniambia. Taabu ni kwamba jenereta nayo hunywa tangi hilohilo. Bahati nzuri, siku za stima kupotea alikuwa ameziwekea herufi J. Nilikesha siku tatu nikitoa dizeli ya jenereta, siku moja baada ya nyingine.

Robo mwaka ile tanuru lilikula lita 1,800 kwa tani 12 za viungio. Lita ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa, kwa hiyo kila tani yetu ilibeba kama kilo 400. Chakavu chenyewe huhesabiwa sifuri, kana kwamba hakikutoa hewa ya ukaa kilipotengenezwa mara ya kwanza, na hapo ndipo tulipopona. Mteja aliuliza maswali mawili, akaridhika, oda ikabaki.

Linaloniuma ni umeme. Stima ya Kenya kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, lakini kwenye alumini ushuru huangalia moshi wa kiwandani peke yake. Anayetumia umeme wa makaa ya mawe hatozwi kwa umeme huo, na sisi wenye umeme safi hatupati nafuu yoyote. Hilo si haki, na serikali zetu zinapaswa kulisema Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, bila kuchoka.

Tangu Januari 2026 ushuru wenyewe umeanza, na hesabu hizi zina pesa ndani yake. Mwagizaji asiyefikisha tani 50 kwa mwaka amesamehewa, lakini wetu hununua kwa wengine pia na huvuka. Tumefunga mita kwenye bomba la tanuru. Mzee bado anachovya fimbo yake, na kila Ijumaa tunalinganisha namba.