Simu yangu nimeipa pedali

Kwenye cherehani ya mota, mguu wa kulia wa fundi una kazi, wa kushoto umekaa bure. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka mwaka jana, nilipopewa gauni la harusi lenye mshono nisioujua, nikawa naufuata kwenye video. Mkono mmoja umeshika satini inayoteleza, wa pili unaiongoza kwenye sindano, pini ziko mdomoni, na mwalimu wa kwenye simu keshafika kwenye zipu. Ukiachia kitambaa usimamishe video, satini imekimbia. Kioo nacho kilijaa chaki na mafuta ya cherehani, hata kikawa hakisikii kidole.

Dawa niliipata kwenye hedifoni mbovu, zile za waya. Kile kitufe chake hakina maajabu: ukikibonyeza, kinagusanisha waya wa maiki na waya wa ethi, yaani ule wa kurudishia umeme. Simu ikiona hivyo inasimamisha video au kuiendeleza. Basi nikachukua swichi ya kengele ya mlango, nikaiunga mahali pa kitufe, nikaipigilia kwenye kipande cha ubao chini ya meza. Kuunga ndiko kulikonitesa. Nyaya za hedifoni ni nyembamba kama nywele na zimepakwa rangi. Mara tatu risasi ya kuungia haikushika, mpaka fundi redio jirani yangu akaniambia niziunguze kidogo kwa kiberiti rangi itoke. Spika ya simu hunyamaza ukichomeka hedifoni, kwa hiyo upande mmoja uliokuwa mzima nauvaa sikioni.

Wiki ya kwanza miguu iligombana. Nataka kusimamisha video, nakanyaga pedali ya mota, sindano inatoka nje ya mstari karibu sentimita kumi. Na satini ukiifumua, matundu yanabaki! Nikausogeza ubao kushoto, kisigino kiegemee mguu wa meza ndipo kidole gumba kiipate swichi. Hapo nikazoea. Mguu unasimamisha na kuendeleza. Kurudisha video nyuma na kuandika vipimo ni kazi ya mkono, mguu hauna adabu hiyo. Nikikawia kuunyanyua, simu inadhani nataka kuongea nayo.

Nilichosahau ni kwamba kitufe kile kile hupokea simu. Asubuhi moja mteja aliniuliza gauni lake limefikia wapi, nikamjibu limebaki pindo tu. Mchana simu ikaita nikiwa nimeinamia overloki, nikakanyaga inyamaze, huku namjibu kijana wangu aliyeuliza tukate kitambaa kipi: "Cha yule mama wa Mbagala, hata hatujakigusa."

Sikioni kukawa kimya kidogo.

"Fundi," sauti ikasema, "si ulisema limebaki pindo?"

Nikamwomba radhi mpaka pini zikanidondoka mdomoni. Gauni alilichukua kesho yake saa nne, na hela ya mwisho akanipunguzia.