Jinsi timu ya EPA ilivyorekebisha vihisi vya hewa vinavyotia chumvi

Kihisi cha PurpleAir ni cha bei nafuu, lakini nchini Marekani kilionyesha PM2.5 (chembe ndogo sana za uchafu hewani) zaidi ya kiwango halisi kwa takriban asilimia 40. Leza yake hupima mwanga unaotawanywa na chembe. Hewa ikiwa na unyevu, chembe hufyonza maji, huvimba na kuonekana kubwa.

Timu ya EPA, wakala wa serikali wa mazingira, ilifunga vihisi kando ya mitambo rasmi ya kupima hewa kwenye majimbo 16, ikapata fomula ya kurekebisha. Kabla ya hesabu yoyote, safisha data. Kila kifaa kina vihisi viwili ndani, A na B. Wastani wao wa siku ukitofautiana kwa maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo au zaidi, na pia kwa asilimia 61 au zaidi, tupa siku hiyo. Huenda ni vumbi au mdudu aliyeingia upande mmoja. Hatua hii watu huiruka, na kuiruka ndiko kunakoharibu kila kitu.

Kisha chukua wastani wa A na B kutoka safu iitwayo cf_1 kwenye data ya kifaa, uweke kwenye fomula:

PM2.5 = 0.524 × kihisi − 0.0862 × unyevu + 5.75

Kihisi kikisoma 60 na unyevu ukiwa asilimia 70, jibu ni 31.2. Tumia unyevu unaosomwa na kifaa chenyewe, si wa kituo cha hali ya hewa, kwani fomula ilijengwa juu yake.

Usiihamishie Nairobi au Dar es Salaam kama ilivyo. Vumbi la barabarani vihisi hivi hulikosa. Funga kimoja kando ya mtambo rasmi, msimu wa mvua na wa kiangazi, upate namba zako za fomula.