Mkanda au kaplingi: nilivyoamua kwa gari langu la mazulia

Wiki mbili kabla ya Ramadhani simu yangu hailali. Kila msikiti unataka mazulia yaoshwe kabla ya tarawehe ya kwanza, na mimi gari ninalo moja tu, linalala Mwanakwerekwe, hapa Unguja. Msimu uliopita mashine ilinikatalia usiku nikiwa Mji Mkongwe, mipira imeshatandazwa uchochoroni, zulia limeshalowa chapa. Injini inaunguruma vizuri, lakini fimbo ya kunyonyea ukiiweka juu ya zulia haishiki, maji yanabaki pale pale. Na harufu ya mpira unaoungua imejaa.

Kwa asiyeijua mashine hii: nyuma ya gari kuna injini ya petroli inayozungusha blowa ya kunyonya na pampu ya kusukuma maji ya moto. Pampu haina maneno mengi. Maneno yapo kwenye blowa, namna injini inavyoishika. Yangu inashikwa kwa mikanda mitatu juu ya puli, magurudumu ya chuma yenye mifereji, moja kwenye injini na moja kwenye blowa. Nyengine shafti ya injini na ya blowa zinatazamana, zimeungwa kwa kaplingi: vichwa viwili vya chuma vyenye meno, katikati yake kipande cha mpira mgumu chenye umbo la nyota.

Usiku ule mikanda ilikuwa inateleza, nikaikaza kwa nguvu zangu zote na kazi ikaisha. Nilikosea. Mkanda ukikazwa kupita kiasi unaivuta shafti ya blowa upande mmoja muda wote, na mzigo unaiangukia beringi iliyo karibu na puli. Ndani ya blowa mna rota mbili zinazozunguka karibu karibu bila kugusana. Beringi ikichakaa, zinagusana, na hapo unatafuta blowa nyengine. Yangu ilianza kutoa mlio mwembamba nikiwa na kazi ya hoteli Kiwengwa. Nikazima papo hapo. Beringi ilikwenda, rota zilisalimika, alhamdulillahi.

Aliyenifungua macho ni ami yangu, fundi wa injini za boti pale Malindi. Nilimwendea na mikanda mipya mkononi.

"Ami, mikanda yangu inalegea kila wiki."

"Hailegei, mwanangu. Puli imeliwa. Tazama ndani ya mfereji, chini kabisa. Panang'aa?"

Palikuwa panang'aa.

Mkanda wa umbo la V unashika kwa mbavu zake mbili, kwa kujibana ndani ya mfereji. Haufai kugusa chini. Mbavu za mfereji zikiliwa, mkanda unazama, unakalia tako la puli na kuteleza, hata uukaze vipi. Nimenunua mikanda mara ngapi bila kuitazama puli! Na hapa kwetu puli inaliwa upesi. Gari likikaa wiki mbili kwenye upepo wa bahari, mifereji inashika kutu, na siku ya kuwasha kutu ile inausaga mkanda kama tupa. Sasa kabla ya kuwasha gari lililolala naipitisha brashi ya waya kwanza.

Na mikanda yote mitatu hubadilishwa pamoja. Ukichanganya mpya na mikongwe, mpya unabeba mzigo peke yake. Kuikaza nako kuna kipimo: baina ya shafti zangu mbili pana inchi 16, basi nikibonyeza mkanda katikati ushuke kama robo inchi. Mipya naipima tena baada ya siku ya kwanza ya kazi, maana hurefuka.

Kaplingi naijua pia, niliifanyia kazi miaka miwili kwenye gari la mtu mwengine. Ina raha yake: hakuna kukaza na shafti haivutwi ubavuni. Lakini inataka shafti mbili zinyooke sawasawa. Gari lile raba za chini ya injini zilididimia upande mmoja, kidogo tu, jicho halikuona. Tukaanza kukuta unga mweusi chini ya kifuniko. Tukatia nyota mpya, ikasagika. Tukatia nyengine. Mpaka tulipobadilisha raba na kupima vichwa vyote viwili kwa rula na fila (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), juu, chini na kila ubavu, ndo ikatulia.

Lililonibakisha kwenye mikanda ni hesabu ya mizunguko. Kwa kaplingi, injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, blowa nayo ni 2,500. Kwa puli ya inchi 6 kwenye injini na ya inchi 5 kwenye blowa, napata 3,000 bila ya kuipandisha injini. Mji Mkongwe gari haliingii vichochoroni. Naliacha barabarani na kuvuta mpira mrefu mpaka ndani, na kila urefu ukizidi mvuto unapungua. Ile 500 ya ziada naihitaji, na injini nataka iwe na sauti ya chini, watu wamelala.

Ami hakubali. Yeye angetia kaplingi na blowa kubwa zaidi, na kwa mwenye fedha ya blowa hiyo sina la kumpinga. Mimi wiki hii namngoja mchonga vyuma anitolee puli mbili mpya, na nimemwomba ya blowa ikae karibu kabisa na beringi, isining'inie kwenye ncha ya shafti kama ile ya zamani.