Setilaiti haikuuona moshi wa mama mdogo

Nilianza kwa kiburi kidogo. Nilishasikia kwamba Sentinel-5P, setilaiti ya Ulaya iliyorushwa Oktoba 2017, inapima naitrojeni dayoksaidi, gesi itokayo kwenye moshi wa magari na moto, karibu dunia nzima kila siku, na data zake ni za bure. Nikanunua bando la usiku, nikajifungia chumbani Nyegezi, nikafungua picha ya siku moja ya Machi. Mwanza haikuwapo. Palikuwa na tundu jeupe.

Mawingu. Pikseli, yaani kile kipande kidogo kabisa cha picha, ikizibwa na wingu hupewa alama ndogo ya ubora, na ikiwa chini ya 0.75 hutupwa. Kilichoniudhi ni kwamba ziwa lenyewe lilionekana vizuri: mchana upepo wa ziwani huingia nchi kavu, mawingu yakajijenga huku tunakoishi watu, majini kukabaki kweupe. Nikaachana na siku mojamoja, nikachukua kiangazi chote, Juni hadi Agosti, nikatafuta wastani.

Bado patupu. Hapo nilipoteza siku tatu, kumbe kosa ni rangi tu. Vipimo vya rangi, yaani kiasi gani cha gesi kipewe rangi gani, nilikuwa nimeviiga kwenye ramani ya Mpumalanga, Afrika Kusini, kwenye mitambo ya umeme wa makaa ya mawe. Kwa vipimo hivyo daladala na bodaboda zetu zote hazihesabiki. Nilipovishusha, doa hafifu likajitokeza juu ya mji. Nilishangilia peke yangu saa sita usiku.

Doa lenyewe si la kuliamini sana. Pikseli moja ina kilomita 5.5 kwa 3.5, hivyo Kirumba, Mabatini na katikati ya mji vinaweza kumezwa humo kwa pamoja. Tena gesi inayohesabiwa ni ya safu nzima ya hewa kwenda juu, si ile tu inayofika puani.

Nikampelekea mama mdogo, anayepika vitumbua Kirumba na kifua kinambana. Akaitazama simu kwa muda.

“Inapita saa ngapi hiyo setilaiti yako?”

“Mchana, mama, kama saa nane na robo.” (Maelezo yake husema saa saba na nusu, ila hiyo ni saa ya jua, saa zetu Mwanza zimelitangulia jua kwa dakika 48 hivi.)

“Basi haijawahi kunikuta. Mimi kuni nawasha saa kumi alfajiri.”

Sikuwa na jibu. Na moshi wa kuni unaumiza zaidi kwa zile chembe ndogo, PM2.5, ambazo ramani yangu ya gesi haikuzigusa. Nikaazima kipima vumbi kidogo, nikakitundika barazani kwake wiki moja. Mstari wa chembe hizo ulipanda kabla ya adhana ya alfajiri, ukashuka jua lilipopanda na upepo kuanza, ukapanda tena jioni. Saa nane mchana ulikuwa chini kabisa.

Ramani sijaitupa, nailinganishia msimu na msimu, mji na mji. Jiko la mama mdogo tumelihamishia upande wa pili wa nyumba, penye upepo. Analalamika kwamba huko wateja hawamwoni.